Macho Hayana Pazia: Balagha ya Picha za Kutisha katika Kampeni za Mitaani za Kupinga Uavyaji Mimba

UTANGULIZI

Uhakiki wa fasihi umezoea kushughulikia matini zilizoandikwa na zile zinazosimuliwa kwa mdomo. Hata hivyo, tangu Roland Barthes alipochapisha insha yake kuhusu balagha ya picha mnamo 1964, ni vigumu kudai kwamba picha iliyosimamishwa kando ya barabara haimhusu mhakiki. Picha ya namna hiyo ina mtunzi, ina hadhira, ina fani na ina dhamira. Aghalabu huandamana na maneno, nayo hukusudia kumtoa mtazamaji mahali alipo kimawazo na kumpeleka kwingine. Makala haya yanachunguza aina moja ya matini hizo, yaani mabango yenye picha za vijusi vilivyoavywa, ambayo wanaharakati wanaopinga uavyaji mimba huyasimamisha katika mitaa na vyuo vikuu vya Marekani, na vilevile Kanada, Uingereza na Ireland, kwa nia ya kubadili rai ya umma.

Iwapo sheria iruhusu au ikataze uavyaji mimba ni mjadala mpana ambao hautaamuliwa hapa. Swali la makala haya ni finyu zaidi, ingawa si dogo: mabango haya hufanya kazi vipi, na je, kushtuka ni sawa na kushawishika? Hoja inayojengwa ni kwamba bango la aina hii lina haki ya shahidi, kwa hivyo halipaswi kunyamazishwa kwa sababu tu linaudhi. Lakini, kama shahidi yeyote, linastahili kuhojiwa. Likihojiwa kwa mbinu za kihakiki, yadhihirika kwamba nguvu zake za kushtua zinatokana na jambo lile lile linalodhoofisha uwezo wake wa kushawishi: linamkabili mpita njia na maiti isiyo na mfiwa.

CHIMBUKO LA MABANGO

Picha ya kijusi iliingia katika maisha ya umma wa Marekani kwa mlango wa sifa, wala si wa lawama. Tarehe 30 Aprili 1965 jarida la Life lilichapisha picha za rangi za Lennart Nilsson, mpigapicha wa Uswidi, zilizoonyesha hatua za ukuaji wa mimba. Takriban nakala milioni nane ziliuzwa katika muda wa siku chache. Wasomaji walizipokea kama picha za uhai, na hapo pana kinaya ambacho wahakiki kadhaa wamekionyesha, kwani vingi vya vijusi hivyo vilikuwa vimekwisha kutolewa tumboni vilipopigwa picha. Tangu mwanzo, basi, maana ya picha ya kijusi ilitegemea sana maelezo yaliyoambatana nayo kuliko kile kilichokuwa mbele ya kamera.

Mwaka 1971 John Willke, daktari wa Cincinnati, na mkewe Barbara walitoa kitabu cha mwongozo ambacho kilikuwa na picha za rangi za vijusi vilivyoavywa. Mwaka uliofuata vijikaratasi vyenye picha za aina hiyo vilisambazwa kwa wingi katika jimbo la Michigan, ambako wapiga kura walikuwa wakiamua kama sheria ya uavyaji mimba ilegezwe. Pendekezo hilo lilikataliwa kwa takriban asilimia 61 ya kura, na tangu hapo ushindi wa Michigan umekuwa ukitajwa na wanaharakati kama ithibati kwamba picha hushinda pale ambapo maneno yameshindwa. Hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyotolewa tarehe 22 Januari 1973, iliuondoa uamuzi huo mikononi mwa majimbo. Haikuziondoa picha. Mwaka 1984 ilitokea filamu The Silent Scream, iliyosimuliwa na Bernard Nathanson, daktari aliyewahi kuongoza kliniki ya uavyaji mimba kabla ya kubadili msimamo wake. Humo mtazamaji alionyeshwa uavyaji wa mimba ya wiki 12 kwa njia ya mawimbi ya sauti.

Mabango makubwa yanayozungumziwa hapa ni zao la miaka ya 1990. Shirika la Center for Bio-Ethical Reform, linaloongozwa na mwanasheria Gregg Cunningham, lilianza mwishoni mwa mwongo huo kuzungusha katika vyuo vikuu maonyesho liliyoyaita Genocide Awareness Project, ambamo picha za vijusi hupangwa sambamba na picha za wahanga wa mauaji ya halaiki. Baadaye yakaja malori yaliyobandikwa picha hizo ubavuni na kuendeshwa katika barabara kuu. Mashirika yenye mbinu sawa yalizuka Kanada, na nchini Uingereza kundi la Abort67 likaanza kusimama nje ya kliniki.

TASFIDA NA KINYUME CHAKE

Ili kuitendea haki hoja ya wanaharakati hawa, ni budi ielezwe katika umbo lake lenye nguvu zaidi. Msingi wake ni wa kiisimu. Kila jamii huyavika mavazi mambo inayoyaonea aibu au hofu, na Kiswahili kina istilahi mahususi ya mavazi hayo, nayo ni tasfida. Mimba 'hutolewa', 'huharibika', 'huangushwa'. Kitenzi rasmi 'kuavya' chenyewe hakisikiki sana nje ya vitabu na mahakama. Katika Kiingereza cha Marekani mjadala mzima umefungwa ndani ya neno 'uchaguzi'. Wanaharakati hudai kwamba neno hilo limefanikiwa kuficha kitu kinachochaguliwa, na kwamba hakuna neno jingine litakaloweza kulivua vazi hilo, kwa kuwa maneno hujibiwa kwa maneno. Kwa hiyo huliandika neno 'uchaguzi' juu ya picha ya kijusi kilichokatika, wakamwachia mtazamaji kazi ya kuunganisha. Kifani, hiki ni kinaya kilichokamilika: usemi wasemao mahasimu wao unarudiwa neno kwa neno, nao unageuka shutuma.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuipuuza hoja hii. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, palizuka malalamiko kwamba ameanika yanayopaswa kusitiriwa, na kwa muda riwaya hiyo ikapigwa marufuku shuleni. Utetezi wa riwaya ile umejengwa juu ya imani kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba jamii isiyotazama uozo wake haiwezi kuutibu. Mhakiki aliyeukubali utetezi huo kwa ajili ya Kezilahabi hana budi kueleza ni kwa nini auhini wale wanaobeba mabango. Kusema tu kwamba picha zao zinachukiza hakutoshi, maana lililo baya huchukiza linapoonyeshwa kama lilivyo.

Tofauti ipo, nayo ni ya muundo. Katika Rosa Mistika msomaji haletwi kwenye anguko kwa ghafla. Ameishi kwanza na ukali wa Zakaria, babake Rosa. Ameona malezi, woga, mapenzi na usaliti. Kila kinachochukiza kina kilichokizaa, na kwa hiyo hasira ya msomaji ina pa kwenda. Bango huanzia mwisho na kuishia mwisho. Ni tanzia iliyobakizwa onyesho la tano peke yake. Wagiriki wa kale waliliona tatizo hili mapema. Katika Medea ya Euripides, iliyoigizwa mwaka 431 K.K., watoto huuawa ndani ya nyumba, hadhira ikasikia sauti zao bila kuona kisu; na karne nne baadaye Horace akawashauri watunzi kwamba Medea asiwachinje wanawe mbele ya watu. Aristotle, naye, alikubali kwamba binadamu hupata faida kwa kutazama mfano sahihi wa kitu cha kuogofya, hata maiti, kwa kuwa hujifunza. Lakini aliyaweka maonyesho ya macho mwishoni katika orodha ya mambo yanayoijenga tanzia. Huruma na hofu, kwa maoni yake, yapasa zizaliwe na mpangilio wa matukio.

FANI YA BANGO: UKUBWA, MAANDISHI NA MKATO

Wanaharakati hupenda kusema kwamba picha hujisemea. Uchunguzi wa fani ya mabango yenyewe waonyesha vingine. Kuna angalau mbinu tatu zinazoisemesha picha.

Ya kwanza ni ukubwa. Kijusi cha wiki kumi kina urefu wa sentimita tatu hivi, kinatosha katika kiganja na nafasi ikabaki. Katika bango hukuzwa kikawa na kimo kinachokaribia cha mtu mzima, na mpita njia akakutana nacho uso kwa uso. Ukuzaji si uongo. Vitabu vya biolojia hukuza pia, na wabunifu wa baadhi ya mabango haya huweka sarafu kando ya kijusi ili mtazamaji akadirie kipimo halisi. Lakini sarafu hiyo nayo hukua pamoja na picha, na kinachobaki machoni ni ulinganifu wa kimo baina ya anayetazama na kinachotazamwa. Ukubwa, kwa maneno mengine, tayari umeshatoa hoja ya kifalsafa ambayo ndiyo hasa inayobishaniwa, yaani kwamba hawa wawili ni sawa. Huenda hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo haikuthibitishwa na picha. Imeingizwa ndani yake na mtengenezaji.

Ya pili ni maandishi. Barthes alieleza kwamba picha huelea juu ya maana nyingi, na kwamba maandishi hufanya kazi ya nanga, yakaishikilia kwenye maana moja. Bango la kijusi likivuliwa maandishi yake, picha ile ile ingeweza kuwa ya mimba iliyoharibika yenyewe, au ukurasa wa kitabu cha wanafunzi wa udaktari, au hata kumbukumbu ya huzuni iliyohifadhiwa na wazazi. Kinachoifanya kuwa shutuma ni idadi ya wiki iliyoandikwa pembeni na neno lile moja la kinaya. Hapana shaka, basi, kwamba mabango yanayodai kuyatoroka maneno yanategemea maneno kwa kiwango kikubwa kuliko hotuba yoyote.

Ya tatu, ambayo ni nzito zaidi, ni mkato. Kila fremu huingiza na kila fremu hutoa. Katika uchambuzi wake wa mwaka 1987, uliochochewa na The Silent Scream, Rosalind Petchesky alionyesha kwamba picha za kijusi tangu Nilsson humwonyesha kijusi kama msafiri wa angani anayeelea peke yake gizani, huku mwili unaombeba ukigeuzwa kuwa mandharinyuma matupu. Bango la mtaani limeukamilisha mwelekeo huo. Mwanamke hayumo. Hajulikani umri wake, hali yake, aliyempa mimba, aliyemshurutisha au aliyemwacha. Mkato huo una upande wa takwimu pia. Nchini Marekani zaidi ya asilimia 90 ya uavyaji mimba hufanyika katika wiki 13 za mwanzo, na tangu 2020 zaidi ya nusu umekuwa ukifanywa kwa vidonge. Wanaharakati makini huandika umri wa kijusi, jambo linalostahili sifa, lakini picha moja ya upasuaji inaposimamia matukio yote, sehemu imepewa kazi ya kubeba kizima, na mtazamaji hana njia ya kujua sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani.

SITIARI YA MAUAJI YA HALAIKI

Katika maonyesho ya Center for Bio-Ethical Reform kijusi hakisimami peke yake. Kando yake huwekwa picha za maiti wa kambi za Wanazi na za Wamarekani Weusi walionyongwa na makundi ya watu. Kuna picha tatu, lakini sitiari ni moja. Mashirika ya Kiyahudi, likiwemo Anti-Defamation League, yamelaani ulinganishaji huo, na wanafunzi Weusi katika vyuo mbalimbali wameupinga pia. Je, ni sitiari mbovu au ni sitiari chungu tu?

Sitiari hupimwa kwa kiungo kinachokiunganisha kinachozungumzwa na kile kinachofananishwa nacho. Watetezi wa maonyesho haya hutaja kiungo chao wazi: katika kila tukio, wanasema, kundi la binadamu lilinyimwa kwanza hadhi ya ubinadamu, kisha likauawa kwa idhini ya sheria au kwa sheria kufumba macho. Hiki ni kiungo halisi wala hakistahili kubezwa. Lakini neno walilolichagua lina historia. Raphael Lemkin alilibuni mwaka 1944, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Disemba 1948 ukalipa maana mahususi: vitendo vinavyofanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au kwa sehemu, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Palihitajika nia ya kuliangamiza kundi. Mwanamke anayeingia kliniki hana mpango dhidi ya kundi lolote, na anayemhusu yumo ndani ya mwili wake mwenyewe. Hakuna kinachofanana na uhusiano huo katika Auschwitz wala katika miti ya Mississippi.

Athari ya kifani ni kwamba sitiari inamjaza mwanamke katika nafasi aliyoachiwa wazi na mkato. Fremu ilimtoa, sitiari inamrudisha, ila sasa amevaa sare ya mlinzi wa kambi. Ni vigumu kufikiri kwamba hii ndiyo nia ya kila mwanaharakati, kwani wengi wao husema kwamba mwanamke naye ni mhanga na baadhi huendesha huduma za kumsaidia. Lakini matini husema kwa muundo wake, na muundo huu hauna nafasi ya mhanga wa pili. Zaidi ya hayo, sitiari huwatendea visivyo wafu wa upande wa pili. Aliyenyongwa Georgia au Mississippi alikuwa na jina na jamaa; hapa anaitwa tena hadharani, bila jina, ili aitumikie hoja ya mtu mwingine.

MAITI NA MFIWA

Wanaharakati hupenda kujiweka katika ukoo wa mageuzi makubwa yaliyoletwa na picha, na ukoo huo ni wa kweli. Mnamo 1788 wapinzani wa biashara ya utumwa mjini Plymouth walichapisha mchoro wa meli ya Brookes, na mwaka uliofuata wenzao wa London wakatoa toleo lililojulikana zaidi, lenye miili 482 iliyopangwa sitahani kama samaki. Idadi hiyo haikutiwa chumvi. Meli hiyo iliwahi kubeba watu 609. Tarehe 28 Agosti 1955 Emmett Till, kijana Mweusi mwenye umri wa miaka 14, aliuawa Mississippi, na mamake akaamuru jeneza lake liachwe wazi huko Chicago ili watu waone alichotendwa mwanawe. Jarida la Jet lilichapisha picha mnamo tarehe 15 Septemba. Hakuna anayeweza kusema leo kwamba picha hizo zingestahili kufunikwa.

Tofauti inayopuuzwa ni ya nani mwenye picha. Mchoro wa Brookes uliandamana na vipimo vya meli na maelezo marefu ya safari, na mwaka ule ule wa 1789 Olaudah Equiano alichapisha tawasifu yake. Aliyelazwa sitahani alipata sauti ya kusema mwenyewe. Katika mazishi ya Till aliyeamua alikuwa mamake. Katika desturi za Waswahili, kama zilivyo za jamii nyingi, maiti ina wenyewe. Wafiwa ndio wanaojua nani aitwe, nani aingie chumbani, na uso ufunuliwe kwa nani. Mama anapoufunua uso wa mwanawe mbele ya taifa, kitendo hicho kina uzito kwa sababu ndiye aliyekuwa na haki ya kuufunika. Picha inakuwa ushuhuda kwa kuwa imetolewa na yule ambaye imemgharimu.

Maiti ya bangoni haina mtu wa namna hiyo. Yule ambaye kwa kawaida angekuwa mfiwa wa kwanza ametolewa katika fremu, au amewekwa kizimbani. Anayeinua picha ni mgeni. Wanaharakati wengine wamelihisi pengo hili na kujaribu kuliziba. Monica Migliorino Miller ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2012 jinsi yeye na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1980, walivyokusanya katika eneo la Chicago vijusi vilivyokuwa vimetupwa, wakavipiga picha, kisha wakavitafutia maziko. Mwaka 1988 Kardinali Joseph Bernardin aliongoza ibada ya maziko ya namna hiyo. Kitendo cha kuzika ni jibu zito, kwa kuwa kinasema: kama hapana mfiwa, sisi tutakuwa wafiwa. Hata asiyekubaliana na imani yao anaweza kuona kwamba hapa kijusi kimetendewa kama mtu, wala hakikutumiwa kama hoja. Lakini maziko na bango havielekei upande mmoja. Mfiwa huufunika uso baada ya kuutazama. Mwili ukishafukiwa na picha yake ikabaki juu ya lori kwa miaka thelathini, ikiegeshwa leo hapa na kesho pale, matanga hayajaanuliwa na huzuni imegeuka kuwa kifaa.

HADHIRA ISIYOJICHAGUA

Msomaji wa riwaya anaweza kukifunga kitabu. Mpita njia hana fursa hiyo, maana macho hayana pazia. Methali hii ya Kiswahili hutumiwa kumwambia mtu kwamba hawezi kuwazuia wengine wasione. Katika muktadha wa mabango inaweza kusomwa kwa upande wa pili, yaani kwamba anayeona hawezi kujizuia asione. Mahakama za Marekani zimelikabili suala hili na kutoa majibu mawili. Mwaka 2003 lori la Center for Bio-Ethical Reform lilizunguka shule moja huko California na likazuiwa na maafisa wa usalama. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba mshtuko wa wanafunzi hauwezi kuwa sababu ya kuunyamazisha ujumbe. Kwa upande mwingine, baada ya waandamanaji kubeba picha za aina hii nje ya kanisa moja mjini Denver siku ya Jumapili ya Matawi mwaka 2005, mahakama ya rufaa ya Colorado iliidhinisha mwaka 2012 amri ya kuwakinga watoto waliokuwa wakihudhuria ibada, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo.

Wapinzani wa mabango nao wana fani yao. Mjini Dublin, wakati wa kampeni ya kura ya maoni ya tarehe 25 Mei 2018, mabango yalisimamishwa nje ya hospitali za uzazi, na waliochukizwa wakaja na mashuka kuyafunika. Ishara hiyo ya shuka inastahili kusomwa kwa makini. Kwa upande mmoja ni ishara ya huruma, kwa kuwa mlangoni mwa hospitali ya uzazi hupita pia mama aliyepoteza mimba aliyoitamani, naye hana hatia katika mjadala wowote. Kwa upande mwingine shuka ni tasfida iliyofumwa kwa pamba. Haijibu swali lililoulizwa na bango, inaliahirisha tu. Anayetetea uhuru wa mwanamke kwa kufunika picha peke yake amekubali, bila kukusudia, kwamba hoja yake haiwezi kusimama picha ikiwa wazi.

Kuhusu athari, historia haitoi jibu moja. Ireland ilipiga kura ya kuondoa marufuku ya kikatiba kwa asilimia 66.4, mabango yakiwa bado barabarani. Michigan, iliyokataa kulegeza sheria mwaka 1972, ilipiga kura tena Novemba 2022, miezi michache baada ya hukumu ya Dobbs ya tarehe 24 Juni kuifuta ile ya Roe, na mara hii takriban asilimia 57 waliiingiza haki ya uavyaji mimba katika katiba ya jimbo. Baina ya kura hizo mbili wakazi wa Michigan walikuwa wameishi na picha hizo kwa nusu karne. Haifai kudai kwamba picha ndizo zilizoshindwa, kama ilivyokuwa haifai kudai kwamba ndizo zilizoshinda mwaka 1972. Mambo mengi huamua kura. Linaloweza kusemwa ni kwamba mshtuko haukai palepale. Susan Sontag alidai mwaka 1977 kwamba picha za mateso zikirudiwarudiwa huizoesha dhamiri, na mwaka 2003 akalitilia shaka dai lake mwenyewe, akasisitiza badala yake wajibu wa kufikiri kuhusu kinachoonekana. Kauli zote mbili zinalihusu bango: mtazamaji mmoja hulizoea, mwingine hulichukia, na wa tatu huanza kuuliza maswali ambayo bango halina jinsi ya kuyajibu.

Plato ameeleza katika Jamhuri habari za Leontius, aliyepita karibu na mahali pa kunyongea watu akaona maiti zimelala. Alitaka kutazama na papo hapo akajichukia kwa kutaka. Alijiziba uso, akapambana na nafsi yake, hatimaye akashindwa, akakimbilia maiti huku akiyalaani macho yake. Kisa hiki kinafundisha kwamba kutazama maiti si lazima kuwe kitendo cha maadili. Kunaweza kuwa uchu, kunaweza kuwa hasira, na hasira hiyo yaweza kumwangukia aliyeinua picha badala ya yule aliyelengwa.

HITIMISHO

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba mabango ya vijusi ni matini zenye fani iliyofikiriwa, wala si madirisha matupu ya kuuchungulia ukweli. Ukubwa wake unabeba hoja, maandishi yake yanafunga maana, na fremu yake inamwondoa mtu ambaye bila yeye tukio lisingekuwapo. Sitiari yake ina kiungo cha kweli lakini inabeba mzigo ambao kiungo hicho hakiuwezi. Hayo yote hayaifanyi picha kuwa ya uongo. Kilichomo ndani ya picha kipo, na yeyote anayeshiriki mjadala huu bila kuwahi kukifikiria anazungumza kutoka ndani ya tasfida.

Anayebeba bango anaudai umma uache kukwepa, na dai hilo ni halali. Lakini ukwepaji una njia zaidi ya moja. Anayefunika picha kwa shuka anamkwepa kijusi. Anayekata fremu pembeni mwa kijusi anamkwepa mwanamke. Mama yake Till hakukwepa upande wowote, kwa kuwa alisimama kando ya jeneza alilolifungua, na waliopita walilazimika kumwona yeye pamoja na mwanawe. Sanaa au balagha itakayoweza kuibadili rai ya umma kuhusu suala hili, kuelekea upande wowote ule, italazimika kuwaonyesha wote wawili ndani ya fremu moja. Mabango yanayosimama leo barabarani bado hayajajaribu kufanya hivyo.